Upepo wa Kilwa, jikoni Lübeck

Darasa la tano, shule moja ya msingi Kilwa Masoko, tulikuwa zaidi ya 80, wanne dawati moja. Mwalimu akaandika ubaoni: Sababu za kukua kwa miji ya pwani. Moja, kuwepo kwa pepo za msimu. Mbili, bandari zenye kina. Tatu, nne. Tukanakili, tukakariri, tukapata vema. Na ukitoka nje kidogo tu unakiona Kilwa Kisiwani, palipokuwa mji mkubwa wa biashara zamani, ng'ambo ya maji, hata mashua ikitweka tanga unaiona. Shule haikutuvusha hata siku moja. Nilivuka na mjomba aliyekuwa akipeleka unga, na pale ufukweni sisi watoto tukaokota vigae vya vyombo vya kale, tukashindana kuvirusha vidunde juu ya maji. Mungu atusamehe, hakuna aliyetuambia ni nini.

Sasa naishi Lübeck, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka wa kumi na moja huu. Binti yangu yuko darasa la nne. Shuleni kwake historia inaanzia mlangoni: walitembezwa kwa miguu hadi kwenye maghala ya zamani ya chumvi kando ya mto Trave, wakapapasa matofali. Waliporudi darasani wakatandaziwa ramani ya bahari ya Baltiki na jirani zake, kubwa kama mkeka wa harusi, kila kundi likapewa mji wa kibiashara wa enzi za Hansa, umoja wa zamani wa miji ya wafanyabiashara. Lübeck ana chumvi iliyotoka Lüneburg, Bergen ana samaki mkavu, Novgorod ana manyoya na nta. Tupa dadu, sogeza meli, badilishaneni. Ikitoka kadi ya majira ya baridi, meli zote zinatia nanga.

Jioni akaniuliza: "Baba, na kwenu Kilwa meli zilikuwa zinasimama lini?"

Nikafungua mdomo niseme "pepo za msimu", nikaona nina jina tu, upepo wenyewe sina. Nimezaliwa pale!

Tukatandika kanga ya mama yake sakafuni jikoni, pindo moja ndiyo pwani yetu. Vifuniko vya soda vikawa vyombo, maharage dhahabu ya Sofala, bandari ya kale kusini kabisa, Msumbiji ya leo, ushanga bidhaa ya Bara Hindi. Sheria: Desemba hadi Machi inavuma kaskazi, unateremka kusini, kuanzia Aprili inashika kusi, unapanda kaskazini. Yeye nahodha kutoka Gujarat, huko Bara Hindi. Kwa tamaa akapitiliza hadi Sofala, si ndiko dhahabu iliko? Alipomaliza kupakia na kupanda tena, nafasi ya kuvuka kwenda kwao ilishapita. Akakaa raundi nzima amenuna. Mara ya pili akaishia Kilwa, akakuta dhahabu imeshaletwa na vyombo vya wenyeji, akainunua kwa bei ya kuumiza, akawahi upepo wa kurudi.

"Kumbe Kilwa wanauza upepo," akasema.

Nilikaa kimya kidogo. Hiyo ndiyo sababu namba moja niliyopatia vema, na hiyo ndiyo iliyoujaza mfuko wa sultani ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331.

Msidhani nawasifia Wajerumani kwa kila kitu. Ramani ya darasa lile haifiki kwetu, na wao walifika. Kilwa Kivinje, mwaka 1895, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya aliyepinga utawala wao, na mahali pale watu wanapaita Mwembe Kinyonga mpaka leo. Vita vya Maji Maji vilianzia vilima vya Umatumbi mwaka 1905, si mbali na hapo. Na sisi pia tuna yetu. Binti aliponiuliza nani alibeba pembe za ndovu kutoka bara, niliviondoa vifuniko vyote juu ya kanga. Misafara iliyoshuka kutoka Ziwa Nyasa hadi Kivinje karne ya 19 ilileta na watu wa kuuzwa, na hilo sitaki mtoto yeyote alitupie dadu. Njia ile tuliichora kwa penseli kwenye karatasi. Ramani inatosha.

Nyumbani wataniambia huko kuna pesa. Kanga na vifuniko vya soda? Mdogo wangu, mwalimu wa msingi mkoani Lindi, alinibana penye ukweli zaidi: "Kaka, mtihani hauulizi upepo unavumaje. Unasema taja sababu nne." Sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, nami nimelifurahia. Ila orodha ni orodha, hata ikiandikwa kwa Kiswahili kitamu. Mtoto aliyewahi kukwama Sofala atazitaja hizo nne bila kukariri, na swali la "eleza" halitamtoa jasho.

Alibisha, kisha akajaribu kimyakimya baada ya vipindi. Akachora pwani kwa majivu uwanjani, Mogadishu hadi Sofala. Akanipigia usiku akicheka: wavulana walikaribia kupigana, kila mmoja anataka kuwa Kilwa, Sofala hana mtu. Mwishowe msichana mmoja akaenda kusimama Sofala peke yake, akakumbatia mfuko wa kokoto, akagoma kuuza mpaka Kilwa wapandishe bei.