Kibanda ukutani

Shemeji yangu aliingia sebuleni, akaitazama picha mpya, akauliza: "Ukuta wote huu, umekosa cha kutundika ila kibanda?" Kisha akaketi, akanywa chai yangu. Siku ile nilinyamaza kwa heshima. Leo nasema.

Shemeji, hicho "kibanda" ni nyumba ya mkulima wa Uholanzi na banda lake la nyasi kavu, na aliyeichora mwaka 1641 ni Rembrandt, mchoraji wa hukohuko Uholanzi. Ndiye yuleyule ambaye mwaka uliofuata alimaliza picha ya mgambo wa Amsterdam, turubai refu kuliko dari yako. Hii ina upana wa sentimita 32 hivi. Ni picha ya kuchapwa: bamba la shaba hupakwa nta, fundi akakwaruza kwa sindano, kisha asidi ikala pale palipokwaruzwa. Baadaye ni wino na karatasi.

Sasa tazama paa. Tazama vizuri! Ile mistari haikuwekwa kujaza nafasi. Nyasi zimelala kufuata mteremko wa maji, na zinapobonyea unahisi fito zilizo chini zimechoka. Huyu aliliona paa kama kazi ya mikono ya mtu. Mwezekaji wa Uzaramo angeitazama picha hii akaanza kupiga hesabu ya ukarabati. Linganisha na zile tunazowauzia watalii: nyumba ya msonge kama kikombe kilichofunikwa, twiga kando, jua jekundu nyuma. Hakuna fito, hakuna mlango wa kumwingiza mtu. Anayechora hivyo hajawahi kuinama kwenye msonge wa Kihaya pale Makumbusho ya Kijiji, akainua macho kuona pete za fito zinavyopanda na kubana mpaka kileleni. Kibanda! Bati lako la laki kadhaa linakuchemsha saa nane mchana, bado unajiona umeendelea.

Haya, nakubali: Rembrandt alikuwa mtu wa mjini, paa likivuja hakulowa yeye. Na mandhari ile aliiunga mwenyewe, akachukua cha huku na cha kule.

Rijksmuseum, makumbusho ya Amsterdam, wameiweka mtandaoni, unaipakua bure. Ukipeleka kuchapisha, msimamie kijana wa steshenari asikate kingo ili ikae kwenye fremu. Mji wa Amsterdam uko hukohuko pembeni, mdogo kama vumbi, na nyumba ya mkulima ndiyo imetanda katikati. Shemeji hakuuona hata huo mji.