Funika Kombe, Kutu Ipite

Nikiambiwa nichague kati ya gari kuukuu lenye matundu yanayoonekana na jingine la umri huohuo lililopigwa rangi wiki iliyopita, nachukua lenye matundu. Watu hunicheka nikisema hivyo. Hata mimi nilikuwa miongoni mwa wachekaji, hadi niliponunua Volkswagen Beetle ya mwaka 1968, nyekundu, inayong'aa hivi kwamba ungeweza kuchana nywele ukijitazama mlangoni.

Aliyeniuzia alikuwa mtu mpole. “Bodi haina hata tundu moja,” aliniambia, na hakusema uongo. Yote yalikuwa yamezibwa.

Miezi saba baadaye, chini ya mlango wa kushoto, yakatokea malengelenge matatu madogo, kama ya mtoto aliyeanza tetekuwanga. Nikalipasua moja kwa ukucha. Likatoa tone la maji ya rangi ya chai.

Fundi wa bodi niliyempelekea hakuwa na haraka. Alilizunguka gari bila kusema kitu, akatoa mfukoni sumaku ndogo aliyoifunga kitambaa isije ikakwaruza rangi, akaanza kuipitisha ubavuni, kutoka chini ya dirisha kuteremka. Juu ikashika. Katikati ya mlango ikashika. Ilipofika karibu na ukingo wa chini, ikaanguka sakafuni.

“Fundi, umeona nini?”

“Nimeona rangi, mzee. Gari bado sijaliona.”

Akagonga kwa kifundo cha kidole, hapa, halafu hapa. Bati hulia. Pale chini halikulia. Ilikuwa kama kugonga gogo bichi. Akachukua patasi na nyundo, akaniangalia kwanza kama daktari anayetaka ruhusa, nami nikaitikia kwa kichwa. Kwa pigo la pili kilibanduka kipande chenye ukubwa wa daftari na unene wa kidole changu gumba. Ninacho hadi leo. Ukikitazama ukingoni unasoma maisha ya gari lile: nyekundu, praima (rangi ya msingi) ya kijivu, puti, yaani lile tope la kusawazishia bati linalokauka na kuwa gumu, nyeupe, puti tena, na upande wa nyuma, palipokuwa pameshikana na bati, magamba ya kutu yaliyobanduka nalo kama gome la mti. Katikati kulikuwa na wavu wa waya, na nyuma ya wavu huo, povu la kujazia, lile la kopo linalovimba likipulizwa.

Hilo povu ndilo lililonimaliza. Wanaozijua Beetle watanielewa. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo joto la kupasha ndani ya gari husafirishwa kupitia mabomba mapana ya bati yaliyojificha chini ya milango, huku na huku. Mabomba hayo hayakuwekwa kwa ajili ya hita peke yake. Ni sehemu ya uti wa mgongo wa bodi, na ndipo bodi inapofungiwa boliti kwenye sakafu. Mtu alikuta bomba limeoza, akalijaza povu, akatandaza wavu, akapiga puti, akapuliza rangi. Mimi kwa miezi saba nilikuwa nikihangaika na nyaya za hita nikidhani zimekwama.

Tukanyanyua kiti cha nyuma. Kwenye Beetle betri hukaa pale, upande wa kulia, na tindikali ikivuja kwa miaka mingi hula sakafu iliyo chini yake. Hilo linajulikana na kila fundi aliyewahi kuligusa gari hili, kwa hiyo nilitarajia kukuta kazi ya maana. Nilikuta bati jipya limelazwa juu ya lililooza, limefungwa kwa ribiti, na lote likapakwa lami nzito juu na chini. Tulipozing'oa ribiti kwa drili na kulinyanyua lile bati, katikati ya hayo mabati mawili kulikuwa na tope. Tope bichi, gari likiwa limekaa chini ya paa wiki tatu.

Ndiyo maana siamini kwamba kutu ndiyo adui mkubwa wa magari haya. Kutu ina tabia moja tu na haibadiliki: ikipata chuma, maji na hewa, inakula, na chumvi ikiwepo inakula haraka zaidi. Chuma kikigeuka kutu huvimba, mara mbili na zaidi ya ujazo wake wa awali, ndiyo maana mabati mawili yaliyochomelewa pamoja kiwandani husukumana yenyewe hadi mshono ukaachia. Lakini kutu ya wazi ni ya polepole. Unaiona, unaikwaruza, unaipaka kitu. Kutu iliyofunikwa inapata unyevu usiokauka, haipati jua, na hakuna anayeitazama. Lami iliyopakwa juu ya bati chafu hupasuka mahali, maji yakaingia, yasitoke tena. Puti nene nayo haizuii maji. Ndani yake mna unga wa madini unaonyonya unyevu, na praima nyingi za kawaida hupitisha maji vilevile. Aliyelifunika gari langu hakuichelewesha kutu hata siku moja. Aliijengea nyumba.

Kuna kundi la wapenzi wa magari ya zamani ambao ukitaja puti wanakunja uso. Sikubaliani nao. Puti haina kosa. Kabla haijaenea, miaka ya 1950, mafundi na hata viwanda vilisawazisha maungio kwa risasi iliyoyeyushwa, na kwenye magari mengi ya zamani bado ipo. (Ukiikuta usiisugue kwa msasa mkavu, vumbi lake ni sumu.) Puti ya milimita mbili tatu, juu ya bati zima lililosafishwa na kunyooshwa kadiri inavyowezekana, inaweza kukaa miaka mingi bila tatizo. Kosa ni kuitumia kama bati. Puti husawazisha, haibebi kitu. Mahali pa tundu panataka chuma.

Wala sitaki kumtupia lawama zote fundi aliyefanya kazi ile, ambaye simjui. Kazi ya namna ile huwa na mteja. Mteja anakuja anasema nataka gari ling'ae, nataka Ijumaa, na sina hela ya kukata mabati. Fundi akimwambia ukweli, anahamia kwa jirani. Sisi wanunuzi ndio tunaolipia mng'aro. Tunasimama mita tatu kutoka kwenye gari, tunasema “lipo vizuri,” halafu tunauliza bei. Hakuna anayelala chini kutazama tumboni. Niseme na langu: miaka ya nyuma niliuza gari lenye tundu la ngumi kwenye sakafu ya buti, nikatandika zulia juu yake, na sikusema neno. Funika kombe mwanaharamu apite. Safari hii mwanaharamu nikawa mimi.

Kuhusu kazi yenyewe, nitakaa zaidi pale nilipoumia.

Niliamua kuifanya mwenyewe, fundi akiwa msimamizi wangu siku za Jumamosi. Kukata mabati yaliyooza kunatia raha ya ajabu. Ukiwa na grenda mkononi unajiona unatibu. Nikakata bomba la kushoto lote siku moja, kutoka mbele hadi nyuma, nikafagia, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikajaribu mlango. Ulikataa kufunga. Pengo la nyuma ya mlango, ambalo jana yake lilipitisha kidole, lilikuwa limebana hata ukurasa wa gazeti haukupita. Gari lilikuwa limelegea kiunoni, kwa sababu kile nilichokikata ndicho kilichokuwa kikilishika.

Fundi alipofika hakunigombeza. Alinyanyua jeki taratibu chini ya bodi, akiufungua na kuufunga mlango kila baada ya robo mzunguko, hadi pengo likarudi. Kisha akachomelea vyuma viwili vya mraba ndani ya uwazi wa mlango, kimoja kikiwa kimelala na kingine kikiwa cha mshazari. “Hivi,” akasema, “vilipaswa kuwepo kabla hujawasha grenda.” Upande wa kulia tuliufanya kama inavyotakiwa: vyuma vya kushikilia kwanza, bodi ikiwa bado imefungwa kwenye sakafu yake, tukikata kipande kwa kipande, mlango ukiwa kwenye bawaba zake na kujaribiwa kabla ya kila hatua. Ukipoteza vipimo vya mlango, hakuna puti itakayokurudishia.

Swali ninaloulizwa zaidi ni ukate hadi wapi. Jibu langu linawaudhi watu: hadi utakapokuta bati linalong'aa pande zote mbili, halafu ongeza kidogo. Bati lililobaki jembamba kama karatasi haliwezi kuchomelewa. Moto unalitoboa, unajaza, unatoboa pembeni yake, na mwisho una shanga za chuma zilizoning'inia hewani. Dawa za kugeuza kutu, zile zenye asidi ya fosforasi au tanini, nazitumia na nazipenda, lakini ni za kutu ya juujuu kwenye chuma ambacho bado ni kizima. Hazirudishi chuma kilichokwisha kwenda. Kupuliza mchanga nako ni kuzuri kwa chasisi na vipande vizito. Ukiupeleka katikati ya boneti, bati linapindapinda kama karatasi iliyolowa na halinyooki tena kirahisi.

Kuchomelea nilijifunza kwa kuharibu. Bati la bodi huwa la milimita moja hivi, mara nyingi pungufu, na halistahimili joto la mfululizo. Unapiga nukta moja, unahamia shubiri nzima mbali, unapiga nyingine, unarudi upande wa pili, unangoja hadi kiganja kiweze kukaa juu ya bati. Mshono wa sentimita thelathini ulinichukua mchana mzima. Kiraka nakikata kiingie pale pale palipotolewa, ukingo kwa ukingo, sikilazi juu ya bati la zamani kama kiraka cha suruali, maana pale yanapopandana ndipo maji yatakapojificha tena. Na kabla ya cheche ya kwanza, betri nje, tangi la mafuta nje (kwenye Beetle liko mbele, miguuni pako), na lile povu likwanguliwe lote. Likishika moto moshi wake si wa kuvuta.

Halafu kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita haraka. Unapochomelea upande wa nje, joto linaunguza rangi yote ya upande wa ndani, kule usikofika mkono. Unamaliza, unasugua, unapaka praima ya epoksi ambayo kweli inazuia maji, unapuliza rangi, unapiga picha. Ndani ya bomba kuna mstari mrefu wa chuma kitupu, kimeungua, kinangoja umande wa kwanza. Mwaka mmoja au miwili, malengelenge yanarudi na watu wanalaumu rangi. Dawa yake ni nta ya matundu, inayopulizwa kwa mrija mwembamba ndani ya kila nafasi iliyofungika. Inakuja mwisho kabisa, rangi ikishakauka, kwa sababu nta inawaka moto na rangi haishiki juu yake. Viwanda vyenyewe vilichelewa kuliona hilo. Magari mengi ya miaka ile yalitoka na praima isiyofika kwenye mashimo ya ndani. Porsche walianza kuitia zinki, inayokinga chuma na kutu, bodi nzima ya 911 kwa matoleo ya mwaka 1976, Audi wakafuata kwa 100 yao katikati ya miaka ya 1980.

Kuna wanaosema bati likishabadilishwa kiasi hicho gari si la asili tena. Huwa nawaonyesha kile kipande cha puti na wavu, nawauliza kama hicho ndicho cha asili.

Limechukua miaka miwili na nusu. Kila hatua nimepiga picha, nikazichapisha na kuzipanga kwenye albamu yenye maelezo, ikiwemo ile siku ya aibu ya mlango. Madigadi ya nyuma ya kulia ina bonde dogo ambalo sikuligusa. Bati lake ni la kiwandani na ndani halina kutu.

Mwezi uliopita mtu mmoja alilisimamia mita tatu, akasema lipo vizuri, akauliza kama naliuza. Nikamwambia achukue kwanza sumaku. Inakaa imeganda kwenye dashibodi, ambayo ni ya chuma. Akachuchumaa, akaipitisha chini ya mlango wa kushoto, ikashika, ikashika, kisha mahali pamoja, karibu na gurudumu la nyuma, ikateleza kidogo kabla ya kushika tena. Akainua macho.

“Hapo kuna puti,” nikamwambia. “Milimita mbili. Picha ya kilichoko chini yake iko kwenye albamu, ukurasa wa kumi na nne.”