FOB au CIF: hasara ni ya nani mzigo ukiwa baharini?

Wengi wanaoagiza bidhaa ng'ambo kwa bei ya CIF (yaani gharama, bima na nauli) huamini kwamba, kwa kuwa muuzaji ndiye aliyelipa nauli ya meli na bima hadi bandari ya mwisho, mzigo ukiharibika njiani hasara ni yake. Sivyo. Kwa mujibu wa Incoterms, kanuni za kimataifa za kugawana gharama na hatari kati ya muuzaji na mnunuzi, zilizotolewa mara ya kwanza na Chemba ya Kimataifa ya Biashara mwaka 1936 na ambazo toleo lake la sasa lilianza kutumika Januari 2020, hatari humhamia mnunuzi mara tu mzigo unapopakiwa melini kule ulikotoka, iwe wameandikiana CIF au FOB (ambapo mnunuzi mwenyewe hutafuta meli na kulipa nauli). Tofauti iko kwa anayelipia safari na kuichagua meli.

Wanaoitetea CIF wana hoja ya kweli. Mwagizaji mdogo hana nguvu ya kupatana nauli na kampuni za meli, ilhali muuzaji anayesafirisha makontena kila mara hupata nafuu. Kasoro ni kwamba anayekata bima siye atakayeidai. CIF humtaka muuzaji akate bima ya mizigo ya masharti ya kundi C tu, ambayo ndiyo finyu kuliko zote (makundi ni A, B na C), kwa angalau asilimia 110 ya bei ya mkataba. Bima hiyo hulipa meli ikizama au ikiungua. Lakini kontena likifunguliwa na nusu ya katoni zikakutwa zimeibwa, mnunuzi hana cha kudai.

FOB humpa mnunuzi usukani, mradi awe na wakala wa usafirishaji anayemwamini na mtaji wa kuhimili nauli zinapopanda ghafla. Hata hivyo, kwa mizigo ya makontena haimfai muuzaji (jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulipuuza), kwani yeye hukabidhi kontena yadi na kuendelea kubeba hatari ya mzigo asiouona hadi upakiwe. Hapo FCA, sharti jingine la Incoterms, inafaa zaidi, maana hatari huhama pale pale msafirishaji anapokabidhiwa mzigo.

Kwa maoni yangu, mwagizaji mgeni hakosei kuanza na CIF, ila adai iandikwe kwenye mkataba kwamba bima itakuwa ya kundi A, iliyo pana kuliko zote, hata kama bei itaongezeka kidogo.