Kiti Mwendo Kisicho na Fundi

Kiti mwendo cha mjomba wangu, anayeishi katika kijiji kimojawapo cha Wilaya ya Chamwino, kimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, na kuku wamezoea kutagia juu ya kitambaa chake. Alikabidhiwa kwa hotuba na picha nyingi. Magurudumu madogo ya mbele, magumu na membamba, yalitengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali, kwa hiyo yalizama kwenye mchanga tangu siku ya kwanza, hata wajukuu wakagundua kwamba ni afadhali kumvuta kinyumenyume. Kisha beringi moja ikavunjika. Saizi yake haikupatikana kwa mafundi baiskeli wa kijijini wala kwenye maduka ya Dodoma mjini, na mjomba amerudia magongo.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inaeleza kwamba watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji. Ni hali ya kutisha, lakini kwa hesabu ya waliomgawia kiti, mjomba yumo miongoni mwa waliobahatika.

Nitaambiwa sina shukrani. Hata hivyo, mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2008 unautazama utoaji wa viti mwendo kama huduma yenye hatua nane, zikiwamo kumpima mtumiaji, kumfundisha na, mwishoni, kufuatilia na kutengeneza, ilhali hafla za kukabidhi huziruka karibu zote. Kupima si urasimu: kiti kipana mno humpindisha mtu mgongo, na aliyepooza asiyekalia mto unaofaa anaweza kupata kidonda bila kuhisi maumivu, kidonda ambacho kinaweza kumuua.

Tanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na chuo kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu wa viungo bandia tangu miaka ya 1980. Wataalamu hao wanahitajika kwa vipimo, lakini pancha na spoki hazimhitaji mtu wa Moshi. Maoni yangu ni kwamba halmashauri zikatae viti ambavyo vipuri vyake havipatikani mnadani, na kwamba sehemu ya ile asilimia 2 ya mapato yao ya ndani inayotengwa kuwakopesha watu wenye ulemavu iwafikie wale walio tayari kufungua karakana za kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Nani atakijua kiti kuliko anayekikalia?

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi baiskeli wa mnadani kiti kile. Alikigeuza, akalipima gurudumu kwa kiganja, akasema kwamba kama lingekuwa la tairi na beringi za baiskeli, ningeondoka nacho kabla chai yake haijapoa.