Rejista mpya wa sumu aanzie kwa chupa, sio kwa projekta

Jumatatu ya kwanza ya mwezi huwa ni ile ile. Marejista wapya, madaktari wanaosomea ubingwa, wanaingia chumba cha semina saa mbili asubuhi, wengine wametoka kol, zamu ya usiku, na hawajalala, wanaonyeshwa slaidi 60 za toksikolojia, yaani elimu ya sumu, wanapewa ratiba na namba ya konsalta, daktari bingwa wao, saa nne wako wodini na usiku wako peke yao. Hiyo ndio tunaita orientesheni. Mimi nimefika mahali nasema hapana, daktari hakaribishwi hivo kwenye kazi ya sumu, na anayelipa ni mgonjwa.

Nasema hivi kwa sababu nilipita hapo hapo. Usiku wangu wa kwanza, hospitali sitaitaja, aliletwa kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka Kayole, analala tu ukimwita anafungua jicho moja anafunga, mboni ndogo kama ncha ya sindano, pulse 48, presha iko chini. Shangazi yake anasema tu "amekunywa dawa, daktari." Mimi kichwani nina ile slaidi moja, mboni ndogo na moyo wa polepole ni dawa ya wadudu ya ogano-fosfeti, mpe atropini, dawa ya kukausha maji kifuani na kupandisha moyo. Nikampa. Nikaongeza, nikaongeza tena, nikiangalia mboni na pulse tu. Kifua sikukisikiliza vizuri, na kifua kilikuwa kikavu tangu alipofika, hana mate, hana jasho, suruali haijalowa. Kufika alfajiri ngozi yake ni moto, anaongea maneno hayaeleweki, anavuta katheta na kanula, tumemshika watu watatu.

Sista wa asubuhi akaingia, mama wa miaka mingi kwenye kejualti, kitengo cha dharura, akaangalia kitanda, hakuniuliza mimi kitu. Akamgeukia shangazi. "Mama, hiyo dawa ilikuwa kwa nini? Chupa iko wapi?" Na yule mama akafungua kiondo, chupa ilikuwa imekaa hapo usiku wote imefungwa kwa leso. Dawa ya kupe, ya kuoshea ng'ombe. Amitrazi. Tulipopima sukari ilikuwa 16. Hiyo sumu inalaza mtu, inashusha presha na moyo, inapandisha sukari, lakini haimwagi maji kifuani kama ogano-fosfeti, na wengi wanaamka ndani ya siku moja au mbili ukiwalinda njia ya hewa na presha tu. Kwa hivyo kulala kulikuwa kwa dawa ya kupe, lakini ule wazimu wa alfajiri ulikuwa wangu, niliupeleka mimi kwa sindano. Aliamka siku ya tatu akaomba chai. Shangazi akanishukuru na sikujua niangalie wapi.

Sasa mtu akiniuliza orientesheni ya rotesheni ya sumu, ile zamu ya mafunzo wodini, inafaa kuanzia wapi, najibu kwa chupa. Sisi tuna sanduku la katoni, ndani kuna chupa tupu zilizooshwa, karatasi za dawa ya panya, kopo la dawa ya kunyunyizia sukumawiki, chupa ya soda iliyowekwa mafuta taa, chupa ya ile dawa ya kupe. Unampa rejista mkononi, asome lebo, akute yale maandishi madogo huko nyuma ndio yana jina la sumu yenyewe, kwa sababu jina kubwa la mbele ni la biashara na chupa mbili zinazofanana zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa. Alafu umfundishe kuuliza. Ilikuwa nini, kiasi gani, saa ngapi, ana kilo ngapi, na nani yuko nyumbani aende alete kopo. Kuna kopo lingine liko kwa jirani, lingine limetupwa chooni, lingine watu wanalificha kwa aibu, na usipouliza kwa upole hulipati.

Wenzetu Marekani hii kitu imekaa vizuri zaidi, kule toksikolojia ni utaalamu kamili, daktari akimaliza urezidenti anaongeza miaka 2 ya sumu tu, na marezidenti wa kejualti wanapitia rotesheni hiyo wakisikiliza simu za kituo cha sumu, mama anapiga mtoto amekunywa sabuni na anayejibu anauliza yale maswali moja moja bila haraka. Kituo chao cha kwanza kilianza Chicago mwaka wa 1953. Lakini kumkalisha rejista kando ya sista anayejua kuuliza hatuhitaji kungoja bajeti ya mtu.

Kitu cha pili ni atropini, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tunapopoteza watu wa ogano-fosfeti yenyewe, wale wanaokuja wanatoa povu mdomoni, kifua kinachemka kama sufuria. Rejista aliyesoma tu anatoa ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano, 2 au 3, anaona pulse imepanda, anaogopa, anaacha. Lakini hesabu iko hivi: unaanza na miligramu 2, kila dakika 5 kama kifua bado kina maji unaongeza mara mbili, yaani 4, 8, 16. Jumlisha. Ndani ya dakika 15 umefika miligramu 30, na kama ampuli ni ya miligramu 1 hizo ni ampuli 30 za kuvunja. Nani anazivunja? Ziko kwa trei au ziko duka la dawa ghorofa ya chini ambalo usiku ufunguo uko na mtu mwingine? Mimi nataka siku ya kwanza marejista wavunje ampuli tupu 30 wakipimwa kwa saa ya mkononi, wachoke vidole, ndio usiku wakisema "sista, tuandae atropini" wajue wanaomba nini. Na wajue unasimama wapi, kifua kimekauka, kwapa limekauka, presha na moyo vimekaa sawa. Mboni zinaweza kuchelewa kufunguka, usizifukuze.

Alafu mgonjwa huyo akichangamka siku ya pili asisahaulike. Kuanzia siku moja hadi nne misuli inaweza kulegea, pumzi ikaisha kimya kimya mtu akiwa anaongea vizuri asubuhi. Kipimo chake hakina gharama, mwambie anyanyue kichwa kutoka kwa mto. Akishindwa, usiende chakula cha mchana.

Mengine ni yale yanadanganya macho. Mtu amemeza parasetamoli nyingi, siku ya kwanza anakaa mzima, anataka kwenda nyumbani, na hiyo siku ndio ini linaokolewa, dawa ya asetilisisteini ikianza ndani ya masaa 8 inafanya kazi vizuri sana, ukingoja macho yawe manjano umechelewa. Julai na baridi yake, familia imelala na jiko la makaa ndani ya mabati yaliyozibwa, wanafika kichwa kinauma wanatapika, unaweka kile kipimo cha oksijeni kidoleni kinasoma 99, na rejista anapumua. Kile kipimo hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi! Wape oksijeni ya nguvu ukiuliza nyumbani kulikuwa na jiko, na nani mwingine alilala hapo. Mtoto aliyekunywa mafuta taa usimtapishe wala usimwoshe tumbo, hatari yake ni mapafu. Pombe haramu yenye sumu nayo, waliokuwa Nairobi Novemba 2000 wanakumbuka mtaa wa Mukuru, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka, na Mei 2014 ikarudi kaunti kadhaa kwa mara moja. Akikuja mtu anasema anaona ukungu baada ya kunywa, uliza alikunywa na nani, hao wenzake wako wapi saa hii.

Na kuna kitu slaidi zote 60 hazina, namna ya kuongea na huyu mgonjwa akishaamka. Wengi kwenye wodi yetu hawakukunywa kwa bahati mbaya. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, watu walikuwa wanadanganya kejualti wakiogopa askari, na ukidanganywa sumu ni ipi unatibu hewa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba, lakini hofu haijatoka kwa watu na wafanyakazi wengine bado wanaongea na hawa vijana kwa ukali, nimesikia kwa masikio yangu mtu akiambiwa "si ungeendea mbali." Rejista wangu afundishwe kuvuta pazia, kuvuta kiti, kukaa chini, kusema "pole, niko hapa, niambie ulichukua nini ndio nikusaidie," na kumwita daktari wa akili mapema, asingoje siku ya kutoka.

Ninachoomba kwa wakuu wa idara ni siku moja. Asubuhi na sanduku la chupa, mchana kitandani na sista mzoefu, jioni kuonyeshwa trei ya atropini iko wapi na ufunguo wa duka la dawa anao nani usiku. Na usiku huo asipangwe kol peke yake, akae na aliyemtangulia mpaka asubuhi.