Miji ya Vilimani ya Italia Ipandwe kwa Treni na Basi

Naamini kwamba mtu anayeifikia miji ya kale ya vilimani katikati ya Italia kwa gari la kukodi huondoka akiwa ameiona bila kuielewa. Najua kwamba wageni wengi huambiwa kinyume chake: kwamba Toscana na Umbria ni mikoa ya kuzunguka kwa gari, kwamba mabasi ni machache, na kwamba stesheni za reli ziko mbali na miji yenyewe. Hayo yote ni kweli. Stesheni ya Orvieto iko chini ya genge la mwamba, ya Assisi iko kwenye tambarare, kilomita kama nne kutoka mjini, na ya Cortona iko bondeni katika kitongoji cha Camucia. Lakini umbali huo kati ya stesheni na mji ndio ninaotaka kuutetea hapa, kwa sababu historia ya miji hii imelala ndani yake, na anayeegesha gari karibu na lango la juu huiruka bila kujua.

Watu hawakupanda vilimani kwa kupenda mandhari. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walikwisha kujenga juu ya miamba hiyo kabla Roma haijawa dola kubwa, na dola hiyo ilipoanguka watu walizidi kukimbilia juu, kwa kuwa kuta zilizosimama ukingoni mwa genge ziliweza kulindwa na askari wachache. Palikuwa pia na adui asiyeonekana. Mabonde mengi ya eneo hilo, kama Val di Chiana lililo chini ya Cortona na nyanda za Maremma kuelekea baharini, yalikuwa mabwawa yenye malaria kwa karne nyingi, na ilipofika mwaka 1970 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoitambua Italia kuwa nchi isiyo na ugonjwa huo. Msomaji aliyekulia kwenye mbu hahitaji maelezo marefu kuhusu faida ya kulala mahali palipoinuka na penye upepo.

Reli ilipokuja katika karne ya 19 ilitaka mambo yaliyo kinyume kabisa. Treni haiwezi kupanda mteremko mkali, kwa hiyo wahandisi walifuata mito na mabonde, wakaiacha miji juu na kuijengea stesheni chini. Kandokando ya stesheni hizo pakaota maghala, viwanda na nyumba za wafanyakazi, hata leo pakawa na miji miwili yenye jina moja: wa juu uliozungushiwa kuta, na wa chini ambao wageni wengi huupita bila kuutazama. Abiria wa treni huanzia huo wa chini, kisha hupanda. Akifika juu, tayari amekwisha kuhisi miguuni mwake kwa nini mji uko pale ulipo.

Hakuna mahali panapoonyesha jambo hilo vizuri kama Orvieto, mji ulio kwenye njia ya zamani ya reli kati ya Roma na Firenze. Ng'ambo ya barabara mbele ya stesheni kuna kituo cha funikulari, yaani behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma kwenye reli iliyoinama sana. Ilifunguliwa mwaka 1888 kwa mpango wa mhandisi Adolfo Cozza, na mwanzoni iliendeshwa kwa uzito wa maji: behewa lililokuwa juu lilijazwa maji hadi likalemea, na liliposhuka lilivuta lililokuwa chini likapanda. Mwaka 1970 ilifungwa, katika enzi ambayo gari lilihesabiwa kuwa jibu la kila safari. Miaka 20 baadaye, mwaka 1990, mji uliirudisha ikiendeshwa kwa umeme. Nauheshimu sana uamuzi huo, kwani si mara nyingi watawala wa mji hukubali kwamba kitu kilichotupwa kilikuwa na thamani, wakakirudisha kikiwa kizima na kikawa cha matumizi ya kila siku kwa wenyeji.

Behewa hilo humfikisha abiria kwenye uwanja wa Piazza Cahen kwa dakika chache, na hatua chache kutoka hapo kuna Kisima cha Mtakatifu Patrisi. Mwaka 1527 majeshi ya Kaisari Karoli V yaliiteka na kuipora Roma, naye Papa Klementi VII akakimbilia Orvieto. Akihofia kwamba mji ukizingirwa utakufa kwa kiu, alimwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo achimbe kisima hadi kwenye maji yaliyo chini ya mwamba. Kilikamilika mwaka 1537, Papa huyo akiwa amekwisha kufariki. Kina chake kinazidi mita 50, na ukutani mwake zimechongwa ngazi mbili pana zinazozunguka bila kukutana, kila moja ikiwa na vidato 248, ili nyumbu washuke kwa njia moja na kupanda na maji kwa njia nyingine bila kupishana. Mtu aliyepanda kwa funikulari huona mara moja kwamba kisima na reli ile vinajibu swali lile lile la mji wa juu ya mwamba: vitu vitapandaje? Nao Sangallo na Cozza, waliopishana kwa zaidi ya miaka 350, waligusa jibu linalofanana, kwa sababu wote wawili walifikiria vitu viwili vinavyokwenda pande tofauti bila kugongana.

Kanisa Kuu la Orvieto, lililoanza kujengwa mwaka 1290, limeandikwa sana na sitalirudia. Nitasema tu kwamba atakayeingia katika kikanisa chenye michoro ya Luca Signorelli kuhusu mwisho wa dunia atenge muda wa kutosha. Kutoka Orvieto kuna pia basi la kwenda Bagnoregio, ambako mtu huendelea kwa miguu hadi Civita, kijiji kilicho juu ya mwamba unaomomonyoka, kinachofikiwa kwa daraja la wapita njia peke yake. Hapo hata mwenye gari hulazimika kutembea, na labda ndiyo sababu kila anayekwenda hurudi akipasifu.

Perugia, mji mkuu wa Umbria, ililijibu swali lile lile kwa njia nyingine. Mwaka 1983 mji huo ulifungua ngazi za umeme zinazopanda kutoka Piazza Partigiani, kilipo kituo cha mabasi, hadi kileleni, na njia yake inapita ndani ya mabaki ya Rocca Paolina. Ngome hiyo ilijengwa na Papa Paulo III baada ya kuuvunja uasi wa mwaka 1540, ule unaoitwa Vita vya Chumvi kwa kuwa ulitokana na kodi ya chumvi. Ili kuijenga, nyumba za ukoo wa Baglioni, waliowahi kuutawala mji, na mtaa wao mzima zilifunikwa kwa matao ya matofali, zikawa msingi wa ngome. Wananchi waliibomoa sehemu ya juu baada ya utawala wa Papa kuondoka mwaka 1860, lakini mtaa uliozikwa ulibaki, na leo mwanafunzi anayewahi darasani na mama mwenye mfuko wa mboga hupita katikati ya milango na madirisha ya karne ya 15 wakiwa wamesimama juu ya ngazi inayojiendesha. Mwaka 2008 ikaongezwa Minimetrò, vibehewa vidogo visivyo na dereva vinavyopita karibu na stesheni ya reli. Anayeingia Perugia hivyo hupita tabaka kwa tabaka, kutoka mji wa viwanda hadi mji wa mapapa na waasi, kwa nauli ya basi la mjini.

Basi ndilo linalolalamikiwa zaidi, na sidai kwamba ni rahisi. Ratiba zake zimepangwa kwa ajili ya wenyeji. Kuna safari za siku za kazi, ambazo kwa Waitalia hujumlisha Jumamosi, kuna za Jumapili na sikukuu, na kuna zile zinazokwenda siku za shule peke yake, ambazo hutoweka kuanzia katikati ya Juni hadi Septemba, wakati ule ule wageni wanapokuwa wengi. Ni vyema tiketi inunuliwe kabla ya kupanda, mara nyingi katika duka la tumbaku lenye alama ya herufi T, kisha igongwe mhuri ndani ya basi. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa nayo hugongwa mhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, na asiyefanya hivyo hutozwa faini hata kama amelipa nauli. Siku za mgomo, ambazo hutangazwa mapema, treni muhimu za mkoa huhakikishwa katika siku za kazi kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na tena kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Mambo haya hujifunzwa kwa siku moja.

Kwangu mimi, ratiba hiyo ni sehemu ya kile tulichokuja kukiona. Abiria wa basi la mchana ni wanafunzi wanaorudi nyumbani, wazee waliokwenda hospitali, na wanawake kutoka Ulaya Mashariki au Amerika ya Kusini wanaowatunza wazee hao majumbani. Hao ndio wanaoifanya miji hii iendelee kuwa miji. Ndani ya kuta za baadhi yake nyumba nyingi zimegeuzwa vyumba vya wageni, na wakazi wamehamia chini karibu na stesheni. Kila tiketi ya basi inayonunuliwa na mgeni ni hoja ndogo mkononi mwa anayetetea njia hiyo isifutwe. Gari la mgeni halimsaidii mkazi huyo kwa lolote, tena haliruhusiwi kuingia: miji mingi ina eneo ambalo magari yasiyo na kibali hupigwa picha na kamera, na faini humfuata aliyelikodi gari miezi kadhaa baadaye akiwa kwao.

Nataka kuzungumza hasa na Wakatoliki wenzangu wa Afrika Mashariki wanaokwenda Italia kuhiji. Vikundi vingi hupelekwa Assisi kwa basi la kukodi kutoka Roma, vikashushwa juu, vikaona kaburi la Mtakatifu Fransisko, vikarudi kabla ya jioni. Anayefika kwa treni hushukia Santa Maria degli Angeli, na kwa mwendo mfupi wa miguu hufika kwenye basilika kubwa ambayo ndani yake limehifadhiwa kanisa dogo la mawe la Porziuncola. Hapo ndipo Mtakatifu Fransisko alipoanzia maisha ya udugu na wenzake, na hapo ndipo alipoomba apelekwe afie, mwezi Oktoba 1226. Kisha mhujaji hupanda basi la mjini hadi kilimani, kwenye basilika iliyoanza kujengwa mwaka 1228, ambako mwili wake umelazwa. Safari hiyo ya basi inaunganisha alipofia na alipozikwa kwa mpangilio wake sahihi, na ningependa maparoko wanaopanga ziara waifikirie.

Toscana ina mfano wake. Kwenda Siena kutoka Firenze, basi la haraka humfikisha mtu karibu zaidi na katikati ya mji kuliko treni, ingawa nayo stesheni imeunganishwa na mji kwa ngazi za umeme ndefu. San Gimignano haina reli. Mtu hushukia Poggibonsi na kupanda basi, na minara 14 iliyobaki huonekana na kupotea nyuma ya mashamba ya mizabibu. Ndani ya Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji wa Siena, kuna mchoro wa Ambrogio Lorenzetti wa miaka ya 1338 na 1339 kuhusu utawala bora. Wengi hutazama upande wa mji, penye maduka na wachezaji ngoma. Mimi huvutiwa na lango lililo katikati, ambapo matajiri wanashuka kwenda kuwinda na wakulima wanapanda na punda wao, na mmoja anamswaga nguruwe kwenda sokoni. Lorenzetti alijua kwamba mji unaotawaliwa vizuri hutambulikana kwa njia iliyo wazi kati ya juu na chini.

Kwa kipimo hicho Urbino imedhulumiwa. Mji huo alikozaliwa mchoraji Raffaello mwaka 1483, wenye jumba la mtawala wake wa zamani Federico da Montefeltro na chuo kikuu cha tangu 1506, ulikuwa na reli kutoka Fabriano hadi kipande chake cha mwisho kilipofungwa mwaka 1987. Leo wanafunzi hushukia Pesaro, pwani ya Adriatiki, na kumalizia safari kwa basi. Basi hilo ni zuri, lakini mji wa wanafunzi ulistahili kubaki na treni yake.

Kwa anayeanza, ningependekeza reli ya mkoa kati ya Terontola na Foligno. Terontola inaunganishwa na Firenze na ndiyo stesheni mojawapo ya kwenda Cortona. Kutoka hapo treni hupita kando ya Ziwa Trasimeno, kisha Perugia, Assisi na Spello. Treni hizi za mkoa hazihitaji kuwekewa nafasi mapema, na bei ni ile ile hata ukinunua tiketi siku hiyo hiyo. Lala Perugia siku kadhaa badala ya kuhamahama na mizigo. Na kama muda ni mfupi sana, shukia Spello, ambako huhitaji hata basi: kutoka stesheni hadi lango la Kirumi la Porta Consolare ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na kutoka hapo barabara inapanda moja kwa moja hadi mwisho wa mji.