Nguruwe Mwitu Kwanza: Simba, Sheria na Mkulima wa Rufiji

Mjadala wa wanyama waharibifu kusini mwa Tanzania ukizuka, tembo ndiye hutajwa kwanza, na simba hutajwa pale anapokuwa ameshaua mtu. Nguruwe mwitu hutajwa mwishoni, kama kero ndogo ambayo mkulima hana budi kuizoea. Naandika kwa sababu mpangilio huo, kwa kadiri ninavyoijua Rufiji, umewekwa kichwa chini miguu juu. Katika vijiji vingi vya bonde lile, na vya Lindi pia, mnyama anayemnyima mkulima usingizi miezi mingi ya mwaka ni nguruwe mwitu, na safari ya simba hadi kwenye kibanda cha mtu mara nyingi huanzia kwenye nyayo za nguruwe huyo huyo.

Wahifadhi wengi, miongoni mwao watu waliotumia umri wao wote porini, wanasema kwamba kumpa mwanakijiji ruhusa pana ya kuua nguruwe ni kumfungulia jangili mlango. Wakulima nao wanasema kwamba sheria imemjali zaidi mnyama kuliko mtoto aliyelala dunguni, kibanda cha shambani cha kulindia mazao. Hoja ya wahifadhi si ya kubeza, na nitaifikia. Lakini ya wakulima husikika mara chache nje ya mikutano ya kijiji, na ikisikika huchukuliwa kuwa malalamiko tu, ndiyo maana naanza nayo.

Asiyewahi kulala dunguni anaweza kudhani kwamba kuamia, yaani kulinda mazao dhidi ya wanyama, ni kukaa tu na kusubiri kuche. Dungu husimikwa juu ya nguzo, sakafu yake ya fito, paa lake la nyasi au makuti, na chini yake huwashwa moto ambao moshi wake hupunguza mbu. Nilipokuwa mdogo nililala humo pamoja na bibi yangu misimu miwili ya mahindi. Kamba ndefu ilitoka kwenye nguzo ya dungu hadi katikati ya shamba, ambako lilitundikwa debe lenye mawe ndani. Bibi aliivuta kila baada ya muda, hata akiwa nusu usingizini, na debe likalia gizani. Nguruwe hawakuja kwa kishindo. Kilichowatangaza kilikuwa bua la mahindi likivunjika: mlio mmoja mkavu, kisha kimya, kisha mlio mwingine hatua chache mbele. Hapo bibi alipiga ukelele na kurusha kijinga cha moto, nami nikagonga sufuria mpaka mikono ikafa ganzi. Wakiondoka upande wa mto, baada ya saa moja walirudi kwa upande wa vichaka. Asubuhi tulitembea shambani tukihesabu mabua yaliyolala.

Msimu wa kupanda ulikuwa mgumu zaidi. Nguruwe mwitu akiingia shamba lililopandwa jana huufuata mstari wa mbegu kwa pua, akifukua shimo baada ya shimo hadi mwisho wa mstari, kisha hugeuka na kuanza mwingine. Mkulima hulazimika kununua mbegu upya na kupanda akiwa ameshachelewa mvua. Kukicha ni zamu ya nyani na tumbili, kwa hiyo aliyekesha usiku hawezi kulala mchana, labda awepo mtoto wa kumpokea. Mtoto huyo ndiye asiyeonekana darasani kati ya Machi na Mei. Sijaona hesabu ya hasara ya mazao inayoingiza ndani yake siku za shule zilizopotea kwa kuamia.

Kuna jibu la haraka ambalo mkulima hupewa: amewavamia wanyama, arudi kijijini kwake. Kwa Rufiji jibu hilo linasahau historia. Wakazi wa bonde waliishi jirani na mashamba yao hadi mafuriko ya 1968, na mwaka uliofuata Operesheni Rufiji ikawahamishia kwenye vijiji vya ujamaa vilivyowekwa juu, mahali mto usipofika. Nyumba zilihama, udongo wa rutuba ulibaki bondeni. Tangu hapo kulima mpunga na mahindi kumekuwa na maana ya kuiacha nyumba ya kudumu na kwenda kuishi dunguni kwa wiki au miezi, mbali na majirani, mbali na zahanati, katikati ya vichaka.

Sasa nifike kwenye tarakimu ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Mwaka 2005, Craig Packer, mtafiti wa simba kutoka Marekani, na wenzake, wakiwemo watafiti wa Kitanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature kwamba kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi wengine wasiopungua 308. Nimeirudia tarakimu hiyo mara nyingi na bado hainipi utulivu. Ukiigawa kwa miezi, unapata zaidi ya watu watatu waliouawa kila mwezi, kwa takribani miaka kumi na mitano mfululizo. Na neno "wasiopungua" nalo lina uzito wake, kwa kuwa mtu aliyeuawa bondeni, siku mbili za mguu kutoka ofisi ya wilaya, anaweza kuzikwa bila kuandikwa popote.

Mashambulizi yalizidi msimu wa mavuno, Machi hadi Mei, yaani wakati ambao watu wamejaa madunguni. Yalikuwa mengi zaidi kusini. Na watafiti walipotazama ni nini kilichozitenga wilaya zenye vifo vingi, walikuta kwamba mawindo ya kawaida ya simba yalikuwa machache huku nguruwe mwitu wakiwa wengi. Mkulima anaweza kueleza sababu bila kusoma jarida lolote. Swala na kongoni waliokuwa nje ya hifadhi wameliwa au wamekimbia majembe. Nguruwe amebaki kwa sababu hutembea usiku, hujificha vichakani mchana, hunenepa kwa mazao yetu, na kwa sababu sehemu kubwa ya wakazi wa kule ni Waislamu ambao nyama yake kwao ni haramu, kwa hiyo hakuna anayemwinda kwa ajili ya chungu. Simba aliyebaki nje ya hifadhi anamfuata mnyama pekee aliyesalia kwa wingi, na mnyama huyo yuko shambani, na shambani yuko mtu aliyekuja kumfukuza.

Utafiti mwingine wa Packer na wenzake, wa 2011, uliongeza jambo ambalo wazee wa Rufiji hawakulishangaa. Mashambulizi mengi hutokea saa za mwanzo za usiku, na huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati mwezi unachelewa kuchomoza na giza linaingia watu wakiwa bado wanapika, wanaoga au wanatembea kutoka dungu moja hadi jingine. Simba amepita siku kadhaa za mbalamwezi akikosa windo kwa kuonekana, na giza hilo ndilo fursa yake. Aliyekaa kijijini usiku huo hufunga mlango. Anayeamia nguruwe hana mlango wa kufunga.

Wengi wanamkumbuka simba aliyepachikwa jina la Osama, aliyeua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji kati ya 2002 na 2004. Alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino lililovunjika. Habari hiyo ilipendwa kwa sababu inafariji: mnyama alikuwa mgonjwa, ameuawa, yamekwisha. Lakini watu 563 hawakuliwa na simba mmoja mwenye jino bovu. Kumwua simba aliyezoea watu ni lazima, na askari wanaokwenda kufanya kazi hiyo hujitoa mhanga; hata hivyo kazi hiyo huanza baada ya mazishi.

Sheria inasema nini? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inatambua kwamba mtu anaweza kuua mnyama ili kuokoa maisha au mali, mradi atoe taarifa, na mzoga ni nyara ya Serikali. Kwenye karatasi hilo linatosha. Shambani, mkulima aliyemchoma nguruwe mkuki saa nane usiku anabaki na mzoga miguuni pake, hana shahidi, hana simu yenye mtandao, na anajua kwamba kukutwa na nyara bila kibali ni kosa zito. Wengi huchagua kuuburuta mzoga hadi mtoni na kunyamaza. Kifuta jasho, yaani malipo ya Serikali kwa aliyedhuriwa na wanyamapori, nacho hakimfikii. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya wanyama hatari kama tembo, simba, kiboko na mamba. Ekari mbili zikifukuliwa na nguruwe, hakuna fomu ya kujaza.

Upande wa pili una hoja ambazo mkulima mkweli hawezi kuzikana. Mtego wa waya hauchagui. Waya uliochunwa kutoka kwenye tairi lililochomwa, ukafungwa kitanzi kwenye ushoroba wa nguruwe, utamnasa vilevile funo, chui, au mbwa mwitu, na kusini mwa Tanzania ni mojawapo ya ngome chache ambako mbwa mwitu bado wapo kwa wingi. Sumu ni mbaya zaidi, kwa kuwa humfuata tai na fisi baada ya kumwua aliyekusudiwa. Gobole lililovumiliwa mwezi Machi kwa ajili ya mahindi linaweza kumlenga nyati mwezi Agosti. Na ingawa nguruwe haliwi na jirani wa mkulima, mijini yupo mnunuzi. Ruhusa ya kuua ikigeuka kuwa ruhusa ya kuuza, hakuna atakayejua nyama ipi ilitoka shambani na ipi ilitoka ndani ya hifadhi. Tusisahau pia kwamba nguruwe mwitu hubeba homa ya nguruwe ya Afrika bila yeye mwenyewe kuugua, na mzoga unaosafirishwa ni hatari kwa wafugaji wa nguruwe.

Nzito kuliko zote ni ile inayosema kwamba ukimmaliza nguruwe, simba wa nje ya hifadhi atabaki bila chakula chochote, na atakayefuata ni ng'ombe au mtu. Nimeifikiria sana hoja hii na sidhani kwamba ni ya kupuuzwa. Ila inachanganya mambo mawili. Kumwondoa nguruwe katika shamba si kummaliza msituni, na mnyama anayezaa watoto watatu au wanne kwa mkupuo hamaliziki kwa misako michache ya msimu. Kinachotakiwa ni simba asiwe na sababu ya kuingia kwenye mahindi. Akimkuta nguruwe wake ng'ambo ya vichaka, mbali na moto wa dungu, mkulima hana ugomvi naye. Na mwenye wasiwasi kuhusu chakula cha simba anapaswa kushughulika na kuwarudisha swala na kongoni katika ardhi ya vijiji, badala ya kumwachia mkulima amlishe simba kwa mahindi yaliyopita tumboni mwa nguruwe.

Uamuzi wangu, basi, ni kwamba nguruwe mwitu aliyemo shambani awe mnyama ambaye kijiji kinaruhusiwa kumdhibiti waziwazi, kwa utaratibu wa kijiji. Vyombo vipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, vijiji vinavyopakana na Pori la Akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, vimekuwa na askari wao wa wanyamapori, na baadaye baadhi vikaunda jumuiya za hifadhi, kama ile ya Ngarambe na Tapika. Askari hao wanajua ushoroba wa kila kundi la nguruwe. Wapewe bunduki iliyosajiliwa, risasi za kuhesabika, na daftari ambalo kila nguruwe aliyeuawa huandikwa, shamba lake na tarehe yake. Msako wa pamoja wa kijiji, kwa mbwa, mikuki na nyavu, uruhusiwe chini ya usimamizi wao, huku mitego ya nyaya na sumu ikibaki marufuku kabisa, na mwenye kukutwa nayo asipate kisingizio cha nguruwe. Mzoga uzikwe hapo hapo shambani. Sharti hilo la mwisho litawaudhi wanaosema kwamba nyama inapotea bure, lakini ndilo linalomnyima mlanguzi biashara, na mahali ambapo nyama hiyo hailiwi halimgharimu mkulima chochote.

Mtaro nao usidharauliwe. Shamba lililozungukwa na mtaro wenye kingo zilizonyooka humrudisha nguruwe bila risasi, na watu wachache wanaoweza kuuchimba hulala vizuri zaidi. Tatizo ni nguvukazi: mjane mwenye ekari moja hawezi kuuchimba peke yake, ila kijiji kinaweza, kikianza kabla ya ardhi kukauka na kama kuna chakula cha kazi.

Linalobaki ni kalenda. Kibali kinachoombwa wilayani mbegu zikiwa zimeshafukuliwa, kikarudi mahindi yakiwa yameshavunwa, hakimsaidii mtu. Ruhusa ya msimu itolewe mapema, kabla ya mvua za kwanza, ikae kwa mtendaji wa kijiji, na ianze kutumika siku mkulima wa kwanza anapofukia mbegu bondeni.